Ringi za juu zisishushwe

Tulipobomoa kichwa cha ile nguzo kwa nyundo na patasi, ringi ya kwanza, kile chuma chembamba kinachozizunguka na kuzifunga nondo za wima, tuliikuta milimita 230 kutoka juu. Juu yake hapakuwa na chuma chochote cha kuzunguka. Kulikuwa na zege tupu, ncha nane za nondo zilizosimama wima, na bolti zilizoinama upande mmoja.

Nilikuwa na miaka miwili tu kazini. Ilikuwa nguzo fupi ya zege, mraba wa milimita 500, inayobeba nguzo ya chuma ya banda kubwa kwa bolti zilizozamishwa kwenye zege. Chuma kilisimamishwa jioni, nati zikakazwa, kikaachwa usiku bila nyaya za kukishikilia pembeni. Upepo ukaja. Asubuhi tulikuta nguzo ya chuma imelala, na kona nzima ya zege imemeguka pamoja na bolti zake mbili, bado zimo ndani ya bonge lile kama mizizi ndani ya udongo. Bolti zenyewe hazikukatika, wala uzi wake haukuharibika. Hakuumia mtu, na kwa hilo namshukuru Mungu mpaka leo, maana saa moja kabla ya giza palikuwa na vijana wanne chini yake.

Mchoro ulionyesha ringi tatu za milimita 10 ndani ya milimita 125 za juu. Mimi ndiye niliyekagua kabla ya kumwaga zege. Nilihesabu nondo za wima, nikapima nafasi kati ya bolti kwa makini sana, nikaangalia kimo cha uzi uliobaki nje. Zile ringi sikuzitazama. Nilizihesabu kuwa ni ringi kama ringi nyingine yoyote ya nguzo.

Tangu siku ile nimezisoma na kuzifikiria kuliko kitu kingine chochote katika kazi hii, na ninayoandika hapa ni yale ambayo ningependa mtu angeniambia asubuhi ya ukaguzi ule.

Bolti ya nanga ikivutwa juu, na chuma chake kikawa na nguvu ya kutosha, kinachoshindwa ni zege. Halishindwi kwa bolti kuchomoka kama msumari kwenye ubao. Hushindwa kama ardhi inavyoshindwa na kisiki: kisiki kikitoka, hutoka na udongo wake. Kutoka kwenye kichwa cha bolti kule chini, ufa hupanda kwa mshazari kuelekea juu na nje, ukichora koni. Zamani wahandisi wengi walihesabu koni hiyo kwa pembe ya digrii 45. Mwaka 1995 Werner Fuchs, Rolf Eligehausen na John Breen walichapisha njia iliyokuja kukubalika zaidi, inayochukua pembe ya karibu digrii 35, yaani koni inayotanuka kila upande mara moja na nusu ya kina cha bolti. Njia hiyo iliingia kwenye kanuni ya Marekani ya ACI 318 mwaka 2002 kama kiambatisho, kisha mwaka 2014 ikapewa sura yake yenyewe, ya 17.

Sasa fikiria koni hiyo ndani ya nguzo. Bolti iliyozama milimita 600 inataka koni ya kutanuka milimita 900 kila upande. Nguzo yangu ilikuwa na milimita 120 tu kutoka bolti hadi ukingoni. Koni haina pa kutanukia. Inakatwa na kingo nne kabla haijaanza.

Hapa ndipo watu wengi hukosea, na nimewahi kukaa kikaoni na wabunifu wazoefu waliokosea hivyohivyo. Hesabu ikionyesha zege halitoshi, wanasema: ongeza urefu wa bolti. Katika msingi mpana, jibu hilo ni sahihi. Katika nguzo nyembamba, zege halijali umeongeza nini. Kanuni yenyewe inasema kwamba bolti zikiwa karibu na kingo tatu au zaidi, kina unachoruhusiwa kuingiza kwenye hesabu hupunguzwa hadi kile ambacho kingo na nafasi za bolti zinaruhusu. Kwa nguzo yangu, yenye bolti nne zilizoachana milimita 260, kina hicho cha hesabu kilikuwa milimita 87. Uzamishe milimita 300, uzamishe 600, uzamishe mita moja, zege linaona 87.

Nimeifanya hesabu hiyo mara nyingi. Kwa zege la megapaskali 25, bolti zote nne kwa pamoja zinapata kutoka kwenye zege karibu kilonyutoni 146, na ukipunguza kwa ajili ya usalama unabaki na 102 hivi. Hizo ni kama tani kumi. Bolti nne za M24, yaani za unene wa milimita 24, za chuma cha kawaida cha daraja la 4.6, kwa upande wao, zinaweza zaidi ya 400. Mzigo wa kuinua uliotakiwa ulikuwa 260. Kwa hiyo chuma kinatosha na kubaki, na zege halifiki hata nusu ya safari.

Nani basi anabeba 260? Nondo za nguzo.

Nondo zile nane za wima zimesimama pembeni mwa bolti, sentimita chache tu. Ufa wa koni ukitaka kupanda, lazima uzikate njiani. Zikiwa zimeshika vizuri juu ya ufa na chini ya ufa, zinauzibia njia. Mzigo unashuka kwenye bolti hadi kichwani, unaingia kwenye zege, unavuka kwa mshazari hadi kwenye nondo ya jirani, kisha nondo inaupeleka chini kwenye msingi. Ni makabidhiano. Bolti inampa zege, zege linampa nondo. Makabidhiano hayo yakitimia, kanuni inakuruhusu kuiacha kabisa nguvu ya koni na kutumia nguvu ya nondo mahali pake. Mahali pake, nasisitiza. Si kujumlisha. Nimeona karatasi za hesabu ambazo mtu amechukua 102 za zege akaziongeza juu ya nguvu za nondo, kana kwamba vyote viwili vitavuta pamoja. Nondo haianzi kuvuta kwa nguvu hasa mpaka zege limeshaanza kupasuka. Chagua mmoja.

Na hapa urefu wa bolti unarudi kwa mlango mwingine. Kuzamisha bolti hakumsaidii zege, lakini kunampa nondo urefu wa kushikia. Nondo haikamati zege kwa nguvu zake zote ghafla, inahitaji urefu. Tuchukue kwamba nondo ya milimita 20 inahitaji milimita 800 za zege ili ifanye kazi kwa uwezo wake wote. Nondo ya kona iko milimita 71 kutoka kwenye bolti yake ukipima kwa mshazari, kwa hiyo ufa unaoanza kichwani pa bolti unaikuta nondo hiyo milimita 47 juu ya kichwa. Toa pia milimita 50 za juu kabisa, ambapo nondo imeishia chini ya uso wa zege. Bolti ikiwa imezama 600, kilichobaki juu ya ufa ni milimita 503, kama asilimia 63 ya kile nondo inachohitaji. Nondo za katikati ya kila upande ziko mbali zaidi na bolti, kwa hiyo zinabaki na 457. Ukizipa zote nane sehemu ya uwezo wao kulingana na urefu huo, unapata jumla ya karibu kilonyutoni 470. Zinatosha kwa 260.

Rudia hesabu hiyohiyo kwa bolti iliyozama 300. Nondo za kona zinabaki na milimita 203, za katikati 157. Jumla inaanguka hadi 180 hivi. Hazitoshi. Zege, katika hali zote mbili, bado ni lile la 102.

Hesabu hii niliipenda tangu siku nilipoielewa, kwa sababu ilinieleza bolti ndefu ni ya nini. Urefu wake ni wa kuwapa jirani zake nafasi ya kushika. Angalia tu kanuni unayofuata inavyosema kuhusu kuipa nondo sehemu ya uwezo namna hiyo, maana sehemu zenye matetemeko huwa na masharti makali zaidi. Na upande wa chini ya ufa nondo inahitaji urefu wake kamili pia, jambo ambalo kwenye nguzo huwa rahisi kwa kuwa nondo zinaendelea hadi kwenye msingi, lakini si kila mara: nguzo ikiwa fupi mno, nondo lazima zikunjwe kule chini.

Umbali nao una mipaka. Nondo iliyo mbali haina habari na bolti. Kanuni ya Marekani inahesabu zile zilizo ndani ya nusu ya kina cha bolti. Kanuni ya Ulaya, EN 1992-4 ya 2018, inakwenda hadi robo tatu ya kina, lakini inataka nondo za kazi hii zisizidi milimita 16 kwa unene, kwa hiyo nguzo yangu ya nondo za 20 isingepita hivi ilivyo. Chini ya kanuni hiyo ningeongeza nondo nyembamba zilizokunjwa kama herufi U, zimeshushwa karibu kabisa na bolti. Kusema kweli hata pale ambapo kanuni hainilazimishi, nikiwa na nafasi naziongeza. Nondo nyembamba nyingi zilizo karibu ni bora kuliko nene chache zilizo mbali.

Sasa zile ringi.

Nimesema mzigo unavuka kwa mshazari kutoka kichwa cha bolti hadi kwenye nondo. Kitu kinachokwenda kwa mshazari kinasukuma pia upande. Bolti iko ndani, nondo iko nje, kwa hiyo zege lililo kati yao linaisukuma nondo itoke nje ya nguzo. Kinachoizuia ni ringi. Bila ringi, nondo inasukumwa, zege la kuifunika linadondoka, na nondo iliyokosa zege la kuifunika haina mshiko tena. Makabidhiano yote yanavunjika pale juu, kwenye sentimita kumi za kwanza.

Halafu kuna nguvu ya kusukuma upande, ile ya upepo moja kwa moja. Bolti ikisukumwa kuelekea ukingoni, inamega kabari ya zege mbele yake, na kabari hiyo ni fupi: huanza juu kabisa na kushuka kina cha karibu mara moja na nusu ya umbali wa bolti hadi ukingoni. Kwa nguzo yangu, yenye umbali wa milimita 120, ni milimita 180, na kina hicho si kikubwa. Ringi iliyo milimita 230 chini haiioni kabisa kabari hiyo. Inapita chini yake, imefungwa vizuri, imenyooka, na haina kazi. Ndiyo maana ACI 318 inataka, kwa nguzo yoyote yenye bolti kichwani, ringi zinazozizunguka bolti hizo pamoja na nondo zisizopungua nne za wima, zikiwa ndani ya milimita 125 za juu: mbili za milimita 13 au tatu za milimita 10. Sharti hilo ni fupi, limewekwa kwenye sehemu ya nguzo na si kwenye sura ya bolti, na mtu anayesoma sura ya 17 peke yake anaweza asilikute.

Kwa nini zilishushwa? Nilimwuliza fundi wa nondo, mzee aliyekuwa amefunga nondo tangu kabla sijazaliwa.

"Injinia, bolti zilikuwa hazipiti," alisema. "Zilikuja zimefungwa nne pamoja kwenye ubao wake, na chini zina vile vibati. Nikazilegeza ringi za juu, nikazishusha, bolti zikaingia. Nilitaka kuzipandisha tena, lakini ubao ulikuwa umeshakaa juu, mkono hauingii."

"Mzee, mbona hukuniambia?"

"Nilidhani ni ringi tu."

Alikuwa amefikiri nilivyofikiri mimi, na mimi ndiye niliyekuwa na mchoro mkononi. Sikuweza kumlaumu wakati ule na siwezi sasa. Hakuna mtu aliyewahi kumweleza kwamba ringi zile tatu zina kazi tofauti na zile zilizo chini yake. Kwenye mchoro zilichorwa kwa mstari uleule, unene uleule, bila neno lolote pembeni. Tangu hapo, kila mchoro unaopita mikononi mwangu huwa naandika pembeni mwa ringi hizo: hizi hubeba mzigo wa bolti, zisishushwe. Wabunifu wawili wamewahi kuniambia kwamba maandishi hayo hayana lazima. Nayaacha.

Kuna mambo mengine niliyojifunza baadaye, mengine kwa kuona kwa macho yangu. Bolti iliyopindwa chini kama ndoano, kwa mzigo wa kuvuta, siipendi. Ndoano ya chuma laini hunyooka taratibu ikivutwa, bolti ikateleza juu, na nondo zako zote zilizopangwa vizuri hazijapata nafasi ya kufanya chochote kwa kuwa mzigo haukuwafikia. Nataka kichwa au nati yenye kibati, kitu kinachosimama imara dhidi ya zege. Nati ya M24 peke yake, kwa zege lile la 25, inatosha kubeba kilonyutoni 90 na kitu baada ya kupunguza kwa usalama, na mzigo ulikuwa 65 kwa kila bolti. Kibati kikubwa mno nacho ni tatizo, kinaziba njia ya zege na kinagombana na ringi.

Nondo hazitibu kila ugonjwa. Bolti yenyewe ikiwa nyembamba, itakatika. Kichwa kikiwa kidogo, kitasaga zege na kuteleza. Na bolti ndefu iliyo karibu sana na ukingo inaweza kulipasua zege la pembeni kule chini kwenye kichwa chake, ubavuni, ambako huoni chochote ukiwa juu. Hayo matatu yanahesabiwa pembeni kila mara, nondo ziwepo zisiwepo.

Kuchomelea bolti kwenye nondo ili zisiyumbe wakati wa kumwaga, hapana. Najua inarahisisha kazi. Najua mtu wa kuchomelea yuko palepale na mashine imewaka. Lakini nondo nyingi na bolti zenye nguvu kubwa hazikutengenezwa kwa ajili ya kuchomelewa, na nukta ndogo ya moto inaweza kukifanya chuma pale kiwe kigumu na cha kuvunjika ghafla, bila kunyooka kwanza. Funga kwa waya, tumia ubao wenye matundu juu na mwingine chini, ushikilie ubao kwenye mbao za boksi la kumwagia zege na si kwenye nondo.

Na ukisahau bolti, au zikakaa mahali pasipo sahihi, usikimbilie kutoboa na gundi. Nguzo nyembamba ndiyo mahali pabaya zaidi pa kutoboa. Ukingo uko karibu, drili inakutana na nondo zilezile unazozihitaji, na nimeona mtu akiikata moja ya kona kisha akaendelea kana kwamba amekata waya.

Siku hizi huanza na fundi kabla ya boksi kufungwa. Nondo za wima zinasimama, ringi za chini zinafungwa, zile tatu za juu haziwekwi bado. Zinakatwa kila moja vipande viwili, U na U, zenye miguu mirefu ya kupishana, na zinawekwa chini pembeni ya nguzo zikisubiri. Bolti zinaingia na ubao wake bila kugombana na kitu. Kisha U zinaingizwa kutoka pembeni, moja huku na moja kule, zikizizunguka bolti na nondo, zinafungwa kwa waya kila kona. Ubao haujashuka hadi mahali pake, kwa hiyo mikono inapita.

Baada ya hapo naweka futi juu ya ncha ya nondo na kusoma ringi ya kwanza iko wapi, ya pili, ya tatu. Naandika namba zote tatu kwenye daftari, na fundi anaziona nikiziandika. Wiki iliyopita zilikuwa 55, 85 na 115 kutoka uso wa zege. Tukamwaga.